Nilikosa Jua Nikiwa Kisumu, Nikachekwa na Kanisa Zima

Wakuu, habari za saa hizi. Wale mko kazini, wale mko kwa foleni, wale mmejificha choo cha ofisi mnasoma simu, wote nawasalimu.

Hiki kisa ni changu mwenyewe. Si cha rafiki, si cha jirani, si cha "jamaa fulani namjua". Sijaongeza chumvi, kwa sababu aibu yenyewe ilikuja na chumvi ya kutosha.

Halafu mtanisamehe ngeli. Mimi ni Mjaluo wa Kisumu, Kiswahili nilijifunza kwa redio na kwa walimu wenye walikuwa na hasira.

Twende.

Niite Omondi. Nafanya kazi ya online, ile ya transcription. Watu wa ng'ambo wanarekodi mikutano yao, mimi navaa headphones na kuandika kila neno wamesema. Hata wakikohoa naandika.

Naishi Migosi, ghorofa ya tatu. Nyumba yangu imeangalia magharibi. Wale mnajua Kisumu mmeshaelewa. Saa nane mchana jua linaingia sebuleni kama limelipa rent.

Kwa hivyo nikanunua mapazia mazito, ya kahawia, safu mbili. Nikafunga. Nikawasha feni. Nikaona maisha ni haya.

Kutoka nje nikaanza kuona ni ushamba.

Nilifunga ndoo ndogo kwa kamba. Nikitaka mkate naishusha kwa balcony usiku usiku hivi mpaka kwa duka la chini, mwenye duka anaweka mkate, mayai na maziwa, navuta. Pesa natuma kwa simu. Samaki analetwa na boda mpaka mlangoni. Kinyozi pia nilimshawishi awe anakuja nyumbani.

Nilijiona mjanja sana wakuu. Watu wanapigwa na vumbi huko nje, mimi niko ndani na kaptula nakula tilapia kwa kiti kinachozunguka.

Maisha hayo yalianza kama mchezo wa wiki moja, nikashtukia mwaka umeisha na mwingine umeanza.

Sasa mwili ukaanza kulalamika.

Mwanzo ilikuwa mgongo. Nikasema ni kiti. Nikabadilisha kiti.

Halafu magoti. Halafu mifupa ya miguu, ile ya mbele chini ya goti, ikawa inauma kwa ndani kama jino bovu. Kuinuka kwa kiti ilikuwa project. Nashika meza, navuta pumzi, najisukuma, natoa sauti fulani "aaaiii", ndio nasimama.

Siku moja ilibidi nishuke kwenda kuangalia mita ya maji. Nikawa nashuka ngazi kwa upande kama kaa, mkono mmoja kwa ukuta. Nyuma yangu nikasikia mtu anakuja. Alikuwa caretaker wetu, Mzee Odhiambo, mtu ameshapata wajukuu. Amebeba mtungi wa gesi begani.

Akanipita. Akageuka akaniangalia kwa huruma.

"Pole, mzee."

Mimi! Sijafika hata thelathini na tano! Naitwa mzee na mzee!

Hapo ndio nilifanya kosa ambalo nyinyi wote mmeshawahi kufanya. Nilirudi ndani nikaandika dalili zangu kwa simu.

Wakuu, ile simu iliniua mara tatu kabla ya chakula cha jioni. Kila nikifungua ukurasa napata ugonjwa mpya, na kila ugonjwa unafanana na mimi kabisa. Nilikuwa nikisoma neno "mifupa" tu mguu unajibu.

Nikaacha kula. Nikaanza kuangalia fridge yangu na kuwaza nani ataichukua.

Sasa mama yangu anaishi Ahero, ana shamba la mpunga kwa skimu ya umwagiliaji. Ananipigia simu kila jioni. Jioni hiyo akapiga nikiwa nimekaa chini kwa mkeka, simu iko kwa chaja mbali kidogo. Nikainuka kuifuata, nikatoa ile sauti yangu. Kumbe nilikuwa nimeshabonyeza kupokea kwa saa ya mkononi.

Mama akauliza polepole:

"Hiyo sauti ni ya nani?"

"Ni yangu, Mama."

"Hapana. Hiyo ni sauti ya baba yako mkubwa."

Hapa nitatoka kwa utani kidogo. Ndugu mkubwa wa baba yangu alikufa na saratani ya mifupa. Mama ndiye alimuuguza. Anajua vile mtu wa mifupa analia akiinuka. Niliposikia anamtaja, nilikaa tena chini, na yeye kule upande wa pili nilisikia anavuta kamasi.

Hakulala. Nilijua hakulala kwa sababu asubuhi, kabla hata sijapiga mswaki, mlango ukagongwa.

Alikuwa Mama. Amebeba mfuko wa mchele kwa mkono na Biblia chini ya kwapa. Nyuma yake, kwa ngazi, kulikuwa na akina mama wa kanisa lao, vitambaa vyeupe kichwani, mstari mpaka ghorofa ya pili. Wengine walikuwa wanahema vibaya. Ngazi zetu ni kali.

Kiongozi wao ni Mama Peres. Huyu mama kama hamjawahi kukutana na mtu wa aina yake, shukuruni. Ni mnene, ana sauti ya kuongoza nyimbo bila spika, na hajui kunong'ona.

Aliingia wa kwanza, akagonga meza na goti, akasimama kwa lile giza langu.

"Kwani amekufa tayari?"

"Niko hapa, Mama Peres," nikasema kutoka kwa kiti.

"Sasa kwa nini mmefunga pazia kama kuna mwili?"

Hakungoja jibu. Akashika mapazia akayavuta kwa nguvu. Wakuu, mwanga ulioingia sitausahau. Niliziba macho kama mtu ametolewa shimoni. Akina mama wote wakaniangalia.

Mama alikuja polepole, akanishika mkono, akaugeuza juu chini.

"Nyathina," akasema, yaani mtoto wangu, "umekuwa brown."

Sisi kwetu ni weusi wa ukweli. Weusi wa kujivunia. Na kweli nilipoweka mkono wangu karibu na wake, nilifanana na mtu amefichwa ndani ya gunia. Mama akaanza kulia. Alipolia yeye, na mimi nikalia. Akina mama wakaona hali imekuwa mbaya, wakaimba.

Waliniombea vizuri, siwezi kudanganya. Mama Peres aliweka mkono wake mzito kwa kichwa changu akaukataa huo ugonjwa kwa jina mpaka jirani wa chini akatoka kuangalia. Wakasema watafunga. Kila mtu achague kitu anakipenda akiache mpaka majibu yatoke. Mama Peres akatangaza mbele ya wote kwamba yeye ataacha chai.

Mtu akaguna. Baadaye niliambiwa Mama Peres hajawahi kuacha chai hata akiwa na malaria.

Mimi nilikuwa naogopa kweli wakuu. Mnaweza kucheka sasa, lakini siku hiyo niliangalia zile sura na nikaona watu wanaoamini naenda.

Tukaenda hospitali, mimi na Mama. Sitaitaja. Daktari alikuwa mwanamke kijana hivi, mpole, anaandika haraka. Nilimweleza dalili zote, pamoja na magonjwa niliyoyapata kwa simu. Akanibonyeza miguu, nikaruka. Akaniuliza kazi. Nikamwambia.

"Na mara ya mwisho ulitoka nje mchana, ukakaa kidogo, ni lini?"

Nikafikiria. Nikafikiria tena.

"Mchana gani?" nikauliza.

Aliacha kuandika. Akaniangalia. Halafu akaandika kitu kifupi sana na kunituma maabara na kupigwa picha ya miguu.

Majibu yalichukua siku kadhaa. Sitaki kuzungumzia hizo siku. Mama alihamia kwangu, akawa ananipikia uji na kuniangalia nikinywa kama anapiga picha ya mwisho.

Siku ya majibu tuliingia wote wawili. Mama alikuwa ameshika kitambaa tayari. Daktari akafungua kompyuta, akasoma, akavuta kiti karibu.

"Bwana Omondi, hakuna saratani. Hakuna uvimbe wowote kwa mifupa. Una upungufu mkubwa wa vitamini D."

Mama akauliza, "Hiyo inatoka kwa chakula gani? Nimpikie leo."

"Kidogo inatoka kwa chakula, Mama. Nyingi mwili unaitengeneza wenyewe ukipigwa na jua."

"Chieng' mane?" Mama akauliza. Jua gani? Alisahau Kiswahili kabisa.

Daktari akaonyesha dirisha. "Hili."

Mama akaangalia dirisha. Kule nje mlinzi alikuwa amejificha chini ya kivuli cha nguzo ya taa, kivuli chembamba kama mkanda, amejipanga ndani yake wima ili jua lisimguse. Mama akamwangalia huyo mlinzi. Akanirudia mimi. Akamwangalia daktari.

"Daktari, mtoto wangu amekosa jua? Kisumu?"

"Ndiyo, Mama."

"Hili jua ambalo limeniunguza kwa mpunga tangu nizaliwe, huyu amelikosa?"

Daktari akainama kama anatafuta kalamu chini ya meza. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka.

Mama yangu akaanza kucheka. Mwanzo kwa pua. Halafu akafunika uso na kile kitambaa alichobeba cha kulilia. Halafu akateleza kwa kiti. Nawaambia ukweli, nurse alifungua mlango kuuliza kama kuna mtu amefiwa. Mama akiwa chini akamnyooshea kidole: "Jua! Amekosa jua!"

Na mimi niko hapo, nimepona saratani, na sijui nicheke au nikasirike. Sehemu fulani ya roho yangu ilikuwa imeumia wakuu. Umejiandaa kufa kwa heshima, halafu unaambiwa ni pazia.

Daktari alinipa vidonge na kuniambia niwe nakaa juani asubuhi, mikono na miguu wazi. Akasema ngozi nyeusi kama yetu inahitaji muda mrefu kidogo, nisitoke dakika mbili nikarudi kusema nimemaliza.

Tulipotoka nje Mama akafuta macho, na sura yake ikabadilika.

"Sasa Mama Peres tutamwambia nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria.

"Mwambie majibu ni mazuri," nikasema.

"Atauliza ni ugonjwa gani."

"Mwambie ni wa mifupa lakini mdogo."

"Mimi nidanganye watu wamefunga?" Akaniangalia vile mama Mjaluo anaweza kukuangalia. "Jumapili utakuja Ahero, utasimama, utawaambia wewe mwenyewe kwa mdomo wako."

Jumapili nikaenda. Kanisa lilijaa. Mchungaji akasema kuna ndugu yetu alikuwa karibu na kaburi, leo ana ushuhuda. Watu wakapiga makofi. Nikatembea mpaka mbele na ule mwendo wangu wa kaa. Makofi yakaongezeka, wakifikiria huo mwendo ndio muujiza.

Nikashukuru. Nikasalimia. Nikazunguka sana. Nikasema sayansi ni kitu kikubwa. Nikasema mwili ni kama mmea. Mchungaji akaangalia saa.

"Ndugu, ugonjwa ulikuwa nini?"

"Ni upungufu," nikasema.

"Upungufu wa damu?"

"Wa jua."

Niliona neno likitembea kutoka kiti cha mbele kwenda nyuma. Wale wasioelewa Kiswahili wakatafsiriwa na wenzao, nikasikia "chieng'... chieng'... chieng'..." mpaka mlangoni. Hawa ni watu wa skimu ya mpunga. Wanaamka na jua, wanainama nalo, wanarudi nalo nyumbani mgongoni.

Mama Peres akainuka. Polepole.

"Omondi. Mimi nimeacha chai wiki nzima. Kichwa kimeniuma. Nimegombana na mzee wangu mara mbili. Kwa sababu ya pazia?"

"Ndiyo, Mama. Pole sana."

"Na nyimbo tulikuwa tumeshachagua!"

"Nyimbo gani?" nikauliza.

Yeye na akina mama wote wa vitambaa vyeupe wakaangalia chini. Ndio nikaelewa wakuu. Hawa watu walikuwa wameshapanga matanga yangu! Wameshagawana nani ataimba nini!

Sijui nani alianza. Nafikiri alikuwa mzee mmoja wa nyuma, alitoa kicheko kimoja kama kikohozi. Halafu kanisa likaanguka. Watu walishikana. Mchungaji alijaribu kusoma andiko, akashindwa mara mbili, akakaa. Mama Peres mwenyewe alicheka mpaka kitambaa kikaanguka, akanikumbatia pale mbele, na ndani ya kumbatio hilo akaniambia sikioni, kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona, kwa hivyo kila mtu alisikia:

"Afadhali tucheke hivi."

Nililia tena kidogo. Msiniulize.

Basi, kazi ikabaki kwangu. Kukaa juani.

Nilianza juu ya ploti yetu, kwa paa pale watu wanaanika nguo. Nikabeba kiti, nikavaa kaptula na vest, nikakaa katikati. Sikufikiria vile inaonekana. Mwanamume wa ghorofa ya tatu, ambaye hajaonekana mwaka mzima, leo amekaa kimya katikati ya nguo za ndani za majirani, macho amefunga, anatabasamu.

Siku ya tatu Mzee Odhiambo akapanda.

"Bwana Omondi, wamama wanauliza unachunga nini hapa."

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema anaelewa, lakini wamama hawataelewa, na yeye hana nguvu ya kuwaeleza.

Kwa hivyo nikaanza kwenda Dunga.

Kule ufuoni mwa ziwa asubuhi boti zinaleta omena, yaani dagaa, akina mama wanazimwaga kwa nyavu chini zikauke. Nikapata jiwe zuri karibu na nyavu za mama mmoja anaitwa Mama Apiyo. Nikavua shati. Nikakaa.

Aliniangalia muda mrefu. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Wewe unanunua?"

"Hapana, Mama."

"Unauza?"

"Hapana."

"Unangoja boti?"

"Nangoja jua linishike. Ni dawa. Daktari amesema."

Akaweka karai chini. Akawaita wenzake kwa Dholuo, wakaja wakasimama wamenizunguka na mikono kiunoni. Nikaeleza tena. Nilikuwa nimeshazoea kueleza. Walipomaliza kucheka, Mama Apiyo akanionyesha nafasi kando ya wavu wake.

"Kaa hapa basi. Wewe na hizi omena mna daktari mmoja. Ukiwa hapo nifukuzie ndege."

Nikawa nafukuza ndege kila asubuhi kabla ya kazi. Yeye akipita kugeuza omena ananigeuza na mimi: "Omondi, geuka. Upande huo umeiva." Wateja wakiuliza huyu ni nani, anawaambia ni stock mpya, bado haijakauka.

Nilikuwa naenda kwa sababu ya dawa. Baada ya muda nikagundua naenda hata siku ambayo sijisikii kukaa juani. Mwaka mzima nilikuwa nasikiliza sauti za watu kwa headphones na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaongea na mimi.

Sasa sikieni hii.

Asubuhi moja kulikuwa na jua kali kama kawaida. Ghafla upepo ukageuka, na upande wa ziwa nikaona mvua inakuja kama ukuta. Omena ikinyeshewa ikiwa nusu kavu imeharibika, inaoza, unauza kwa watu wa chakula cha kuku kwa hasara. Ufuo mzima ukapiga kelele. Kila mtu kwa wavu wake.

Mama Apiyo alikuwa mbali, kwa boti. Nyavu zake zilikuwa na mimi peke yangu.

Nikakimbia. Nikashika wavu wa kwanza kwa pembe, nikakunja, nikavuta mpaka kwa kibanda. Nikarudi. Wa pili. Nikarudi. Wa mwisho tuliushika pamoja, yeye amefika anahema, mvua imeshaanza kutupiga, tukaanguka ndani ya kibanda na omena mpaka kwa nywele.

Tulikuwa tumekaa hapo tunapumua ndipo aliniambia:

"Kumbe unakimbia."

Nikaangalia miguu yangu. Nikainuka. Nikakaa. Nikainuka tena. Hakuna meza nimeshika. Hakuna "aaaiii".

Nilimpigia Mama simu palepale, mvua inapiga mabati, hasikii kitu. Nikapiga kelele, "Mama, nimekimbia!" Yeye akapiga kelele, "Nani anakufukuza?"

Nilirudi kwa daktari baadaye akapima tena. Akasema niko sawa, niendelee vilevile.

Somo langu wakuu si refu. Mkifanya kazi za ndani, tokeni. Kisumu, Mombasa, Turkana, haijalishi jua la kwenu ni kali kiasi gani, halifiki kwa mfupa likizuiliwa na pazia. Mwili ukiuma, nenda upimwe, usiulize simu. Na ukiambiwa ugonjwa wako ni mdogo na wa kuchekesha, usione aibu kuusema. Wale walionicheka Ahero ndio haohao walikuwa wameacha chai kwa ajili yangu.

Kama kuna mwingine amewahi kupata ugonjwa wa kipuuzi kwa sababu ya kujifungia, aweke hapa chini tumcheke kwa upendo. Madaktari mlio humu pia mnisahihishe kama nimekosea kitu.

Ila ukitaka kuandika comment, simama kwanza, toka hapo ulipo, andikia nje. Tutakungoja.